Ushauri: Meneja anataka niache nyimbo za Kigogo nibaki na jazi tu

Binti wa Chamwino:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Ni mwimbaji, niko Dodoma mjini. Wikiendi natumbuiza hotelini na bendi ndogo: kinanda, besi, dramu na mimi. Tunapiga jazi na zilipendwa. Katikati huwa naweka nyimbo za Kigogo mbili tatu, nilizorithi kwa mama na mashangazi zangu wapiga muheme, zile ngoma za akina mama wa Kigogo. Nikizianza, hata meza za nyuma wanaacha kupiga soga.

Sasa amekuja meneja mpya wa burudani. Anasema wateja wake ni watu wa wizarani na wa semina, hayo ya kijijini wakayasikie Nane Nane, Nzuguni. Ananipa mkataba wa mwaka, hela nzuri kweli, ila niimbe Kiingereza na Kiswahili tu, na shoo zote zirekodiwe ziwe mali ya hoteli. Mama ananitegemea, na mdogo wangu anasubiri ada. Rafiki yangu anasema niachane nao nihamie Dar.

Na kingine: kwenye Kigogo mpiga kinanda wetu akinifuata, kuna noti zinakwaruzana. Ananiambia natoka nje ya ufunguo. Nisaini?

Kaka wa Area C:
Saini dada. Ada haisubiri utamaduni. Kigogo utaimba harusini na kanisani, hakuna atakayekuzuia.

Mpiga izeze:
Mbukwenyi. Kaka hapo juu, haraka ya nini? Dada, hutoki nje ya ufunguo hata kidogo. Ilimba, ile ya vibao vya chuma vya kupiga kwa vidole, na izeze, zeze letu la nyuzi, hatuvityuni kwa kinanda. Ngazi yetu ya noti inafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya waya mmoja ukiugusa kwa wepesi, na mojawapo inakaa chini kidogo ya ile ya kinanda. Mama zetu wameikariri kwa masikio tangu utotoni. Mwambie ndugu yako wa kinanda anyamaze kwenye noti hiyo, besi ishike noti ya mzizi, uone wimbo unavyofunguka.

Tena huyo meneja anamjua Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo? Mtoto wa kijiji cha Doduma, hapa hapa kwetu. Nyerere alimwita Dar miaka ya 1960, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka 2002 akatoa albamu na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Gitaa la umeme lilikaa pembeni ya ilimba, na Kigogo kilibaki Kigogo. Alifariki 2003, na kazi zake bado zinasikilizwa Ulaya.

Mama Mkanye:
Mwanangu, mimi ni wa enzi za santuri. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, alianza kwenye bendi za jazi za Johannesburg miaka ya 1950. Alipofika Marekani aliwaimbia kwa Kixhosa chenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, na ndicho walichomkumbuka nacho. Mwaka 1966 akapata Grammy pamoja na Harry Belafonte. Jazi nzuri Wamarekani walikuwa nayo tele, nyimbo za kwao ndizo walikuwa hawajazisikia.

Msoma mikataba:
Mimi kinachonitisha ni hizo rekodi, lugha inafuata. "Mali ya hoteli" maana yake wakiziuza kesho huna chako. Andika kwamba rekodi ni za matangazo ya hoteli tu, na zikiuzwa mgawane kwa asilimia iliyotajwa. Tungo zako mwenyewe zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujasaini. Za mashangazi usiziandikishe kama zako, ni za jamii, wataje waliokufundisha. Na omba miezi mitatu badala ya mwaka.

Kuhusu Dar, kwa nini uhame? Treni ya SGR inakufikisha kwa saa chache, unapiga shoo unarudi.

Kaka wa Area C:
Hapo kwenye rekodi nimekubali, sikuliona. Ila asikatae kazi, jamani. Ajadiliane.

Binti wa Chamwino:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemwandikia meneja: miezi mitatu, rekodi za matangazo tu, na nyimbo mbili za Kigogo kila usiku. Hizo mbili siziondoi hata akiongeza hela. Ada nimeongea na shule, watapokea nusu kwanza. Mpiga izeze, unaweza kuja mazoezini? Nataka ndugu yangu wa kinanda aisikie hiyo noti kwa masikio yake.

Mpiga izeze:
Jumamosi asubuhi nipo mjini. Nitumie ujumbe wa faragha, nakuja na ilimba pia. Shangazi mmoja mwenye muheme akipatikana, mlete.