Nifanyeje? Kila ushuhuda wa mwenzangu unaniondolea shukrani

Mama Shukuru, Goma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mwimbaji wa kwaya ya kina mama katika kanisa moja la hapa Goma, na kwa miaka 14 sijakosa mazoezi ya Alhamisi ila nilipokuwa mgonjwa au nilipojifungua. Nasema hivyo ili msidhani ninayeandika ni mtu aliyekaa mbali na ibada.

Tatizo langu lina saa yake. Ni Jumapili, baada ya matangazo na kabla ya mahubiri, pale kiongozi wa ibada anapouliza nani ana ushuhuda. Mmoja anasimama kumshukuru Mungu kwa kuwa kijana wake amepata viza ya Kanada, mwingine amemaliza nyumba ya mbao na kuiezeka kwa mabati mapya, wa tatu ameajiriwa na shirika la misaada. Kanisa linapiga vigelegele, nami napiga pamoja nao, kwa kuwa nimevaa sare ya kwaya na nimesimama mbele ya watu, lakini ndani yangu kuna kitu kinajikunja kama nguo inayokamuliwa.

Januari 2025, vita ilipoingia Goma, kibanda changu cha vitenge kiliporwa chote. Waliochukua waliondoka na rafu za mbao na hata kufuli la mlango. Kisha benki za mji zikafungwa, na akiba ndogo niliyokuwa nayo ikabaki huko ndani. Hata hivyo mume wangu yu hai, watoto wanne ni wazima, na hatujalala njaa, ingawa siku nyingi ni bugali na sombe tu, yaani ugali na kisamvu. Hayo yote nayajua. Kifungua mimba wangu anaitwa Shukuru, jina ninalolitaja pengine mara 20 kwa siku, mara nyingi nikimgombeza kwa sababu ya bidoni za maji ambazo hajaenda kuchota, na kila ninapolitaja naona aibu kidogo.

Ninauliza hivi: ni mtazamo gani hasa unaoninyang'anya shukrani na furaha, na ninyi mnaushindaje? Tafadhali msinijibu kwa kuniandikia tu 1 Wathesalonike 5:18, ule wa kushukuru katika kila jambo. Nauweka moyoni mstari huo. Kwaya yetu inauimba.

Mzee wa Kadutu, Bukavu

Mama Shukuru, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, na nakiri kwamba sisi viongozi ndio tulioiharibu saa ya ushuhuda, kwa kuiacha iwe orodha ya waliofanikiwa. Sikumbuki ni lini mtu alisimama kwetu akashuhudia kwamba hakupata alichoomba na bado anamtumaini Mungu. Lakini wewe umeuliza juu ya moyo, hukuuliza juu ya utaratibu wa ibada, kwa hiyo nirudi kwenye swali lako.

Soma tena Mathayo 20, habari za vibarua wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba alipatana na wale wa alfajiri kwa dinari moja, akaita wengine saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. (Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati: hatuhitaji kuelezwa kwamba saa kumi na moja ni jioni, jua likielekea kuzama.) Wakati wa malipo msimamizi aliagizwa aanze na wa mwisho. Hapo nimesimama mara nyingi. Laiti angeanza na wale wa alfajiri, wangepokea dinari yao, wakaifunga kwenye pindo la nguo na kwenda nyumbani wakiimba, kwa maana ndiyo waliyopatana na ndiyo iliyotosha chakula cha siku. Dinari ile haikupungua hata kidogo. Kilichowaharibia jioni ni kwamba waliona kiganja cha mwenzao kabla ya kutazama cha kwao, na mstari wa 10 unasema walidhani watapokea zaidi. Mimi naamini mwizi unayemtafuta amekaa ndani ya neno hilo, "walidhani". Mtu huanza kumtumikia Mungu kama mtoto, kisha bila kujua anageuka mdai, na mdai hawezi kushukuru, kwa sababu kila anacholetewa anakihesabu kuwa ni sehemu ya deni lililochelewa.

Sasa nisamehe, mama, nikikuonyesha jambo moja bila kukuhukumu. Kabla hujatueleza shida yako, ulitutajia miaka 14 ya mazoezi ya Alhamisi. Yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu katika Luka 15 naye, aliposimama nje ya nyumba yenye ngoma na kukataa kuingia, maneno yake ya kwanza kwa baba yalikuwa hesabu ya miaka aliyotumika, na baada ya miaka akataja mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Mashamba na mifugo yote ya baba ilikuwa yake, lakini macho yake yalikwama kwenye mwana-mbuzi mmoja. Mimi mwenyewe nilikaa nje ya nyumba hiyo karibu miaka mitatu, baada ya mwenzangu niliyemfundisha kazi kupewa nafasi niliyoitamani. Nilihubiri vizuri kabisa katika miaka hiyo, na hakuna aliyetambua.

Kuna mwizi mwingine, ambaye nitamtaja kwa ufupi, naye ni kumbukumbu. Katika Hesabu 11 Waisraeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, na wakadai kwamba walivila bure. Bure! Waliokuwa wakifyatua matofali chini ya fimbo. Ninasikia maneno ya namna hiyo kila siku hapa Bukavu, watu wakisimulia mji wa zamani kana kwamba haukuwa na machozi, na mana ya leo asubuhi inayeyuka bila kuokotwa.

Dada wa Birere, Goma

Mzee wetu, heshima yako naipokea, na habari ya kiganja cha mwenzako imenichoma na mimi. Lakini ninaogopa kidogo, kwa sababu mafundisho ya namna hii yakifika masikioni mwa mtu aliyefiwa au aliyeporwa yanakuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Mama Shukuru amepoteza kazi ya mikono yake. Je, naye ni mnung'unikaji?

Nilipomzika mtoto wangu, mama mmoja wa kanisa alinishika mabega na kuniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa sikupoteza wawili. Alikuwa na nia njema, najua. Alikuwa ameniletea na unga. Lakini kwa miezi mingi sikuweza kufungua kinywa kuomba, maana nilidhani machozi yangu ni kosa. Aliyenisaidia ni bibi yangu, ambaye hajui kusoma. Aliniomba nimsomee Zaburi ya 88, na nilipofika mwisho nikageuza ukurasa nikitafuta shukrani, kwa sababu zaburi nyingi za maombolezo huishia kwenye shukrani. Haikuwepo. Inaishia gizani. Bibi akasema, "Basi na hiyo imo katika Biblia."

Tangu siku hiyo natofautisha mambo mawili. Zaburi 106:25 inasema wale wa jangwani walinung'unika hemani mwao, maana yake walikaa ndani wakasemezana wao kwa wao juu ya Mungu, wamempa kisogo. Mwenye Zaburi ya 88 anasema maneno makali kuliko yao, lakini anamwambia Mungu mwenyewe, uso kwa uso, usiku na mchana. Mama Shukuru, dada yangu, umewahi kumlilia Mungu kibanda chako? Au ulikwenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya Alhamisi? Mimi nadhani furaha yako inazibwa na kilio ambacho hukukilia, na wivu umekuja kukaa mahali pa kilio hicho.

Na kuhusu mstari mliokatazwa kuuandika, nami nauandika kwa sababu moja tu: Paulo alisema tushukuru katika kila jambo, yaani hali yoyote itukutayo, hakusema tushukuru kwa ajili ya kuporwa.

Mzee wa Kadutu, Bukavu

Dada, umenirekebisha na nimekubali, isipokuwa hapo mwisho. Waefeso 5:20 inasema tushukuru kwa mambo yote, na siwezi kuufuta mstari huo kwa sababu unanisumbua. Hata hivyo ni Paulo huyo huyo ambaye, katika 2 Wakorintho 12, alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini; alianza kwa kusihi, na kuridhika kukaja baada ya jibu. Nami nilipaswa kumuuliza Mama Shukuru kuhusu kilio chake kabla ya kumhesabia miaka yake. Nisameheni.

Mwana Katuba, Lubumbashi

Yaya (dada yangu mkubwa) Mama Shukuru, mimi ni kijana na sina elimu ya Biblia kama mzee, kwa hiyo nitasimulia tu.

Saa yangu ya ushuhuda ni simu. Kabla sijashuka kitandani nimekwisha kuona binamu yangu aliyeko ughaibuni amesimama kwenye theluji na koti jipya, na siku yangu inakuwa imeharibika kabla sijapiga mswaki. Nilijaribu kuandika kila jioni mambo ya kushukuru, kama wengi wanavyoshauri, nikaacha baada ya siku chache, kwa sababu niliona ninaandika yale yale: afya, chakula, uhai. Ilikuwa kama kujaza fomu ya ofisini.

Jambo lililonibadilisha lilitoka kwenye wale wakoma kumi wa Luka 17, waliomlilia Yesu awahurumie. Wote kumi walipona, na sidhani kama wale tisa hawakufurahi. Huenda walimsifu Mungu njiani kwa sauti. Lakini mmoja aligeuka na kurudi. Shukrani yake ilimlazimu kutembea. Nikajiuliza ni nani niliyepaswa kurudi kwake, na jibu likaja haraka mno: muuza makala, yaani mkaa, mmoja wa mtaani kwetu, ambaye alinilipia masomo ya muhula mzima nilipokuwa karibu kufukuzwa shule, baba akiwa hana kazi. Nilipopata diploma tulifanya ibada ya shukrani nyumbani, tukachinja, mchungaji akaja, Mungu akashukuriwa hadi usiku. Muuza makala hakualikwa. Hakuna aliyemkumbuka, hata mimi.

Nilikwenda na kuku mmoja na chupa ya mafuta. Nilimkuta ameketi juu ya gunia tupu, mikono myeusi, na nilipomweleza alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Alikuwa amesahau. Alicheka sana, akampokea kuku, akanionyesha wajukuu zake. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini, na jioni ile binamu wa kwenye theluji hakuniuma hata kidogo. Baadaye nilitambua kwamba barua kwa Wafilipi, ile tunayoiita barua ya furaha, iliandikwa na mfungwa, na sehemu yake ni shukrani kwa watu waliomtuma Epafrodito na zawadi, naye Epafrodito aliugua karibu kufa. Na Paulo anasema humo kwamba amejifunza kuwa radhi, yaani hakuzaliwa hivyo. Mimi bado ninajifunza. Jana tu nilikasirika tena.

Mama Shukuru, Goma

Nimesoma majibu yenu mara tatu, na jana usiku, wote walipolala, niliketi jikoni nikamwambia Mungu habari za kibanda changu kuanzia rafu ya juu hadi kufuli, kitenge kwa kitenge. Nililia mpaka mume wangu akaamka. Asante, dada wa Birere. Na mzee, usiombe msamaha kwa ile hesabu ya miaka 14. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Lakini kijana wetu wa Katuba ndiye aliyeninyima usingizi uliobaki. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 sisi tulibaki nyumbani, ila tarehe 27, amri ya kuhama ilipotolewa, tulitembea hadi mji wa Sake, kama kilomita 25, mimi na mtoto mgongoni, mume wangu na godoro kichwani. Huko mama mmoja ambaye hatukumjua alitufungulia mlango. Tulilala kwake siku 9, sisi sita katika chumba chake cha pekee, yeye na wanawe wakahamia jikoni. Nilimwita Mama Bahati, kwa jina la mtoto wake mdogo. Tuliporudi nilitoa ushuhuda mbele ya kanisa zima, nikapigiwa vigelegele. Kwake sikurudi.

Kisha mapema mwaka 2024 vita ilifika Sake, na watu wake wakakimbilia kwetu, wakajaa kambi ya Bulengo. Nilipita barabara ya Mugunga kila wiki nikitafuta wateja, nikaviona vile vibanda vya turubai, na hata siku moja sikushuka kwenye pikipiki kuuliza kama Mama Bahati yumo. Alinipa chumba chake, na mimi nilikuwa na nyumba. Februari 2025 kambi zilivunjwa, na sasa sijui yuko wapi. Jumapili zote hizo nilikuwa nikihesabu viza za watu.

Nawezaje kumtafuta?

Dada wa Birere, Goma

Kina Mama Bahati wa Sake ni wengi, kwa hiyo tuanze na unachokumbuka: nyumba ilikuwa upande gani wa soko, walisali kanisa gani, mumewe alifanya kazi gani. Nina mteja wangu wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anayetoka huko, naye anawajua kina mama wengi waliorudi na wengine waliobaki hapa mjini kwa jamaa zao. Ukimpata Mama Bahati usiende mikono mitupu, wala usimpelekee kitenge ili kuonekana. Chukua sukari, chumvi na sabuni, na kaa naye hadi chai iishe. Nitakwenda nawe ukitaka. Niandikie kabla ya kesho asubuhi, kwa maana mteja wangu huja Ijumaa na huondoka mapema.