Ushauri wa haraka: tunataka kumshukuru afande hadharani, watu wananitisha

MinAkoth
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mfanyabiashara hapa Manyatta, Kisumu. Naomba mnisaidie mawazo maana siku hizi usingizi umenihama.

Kuna afande mmoja wa kituo chetu, jina nitaliacha. Mwezi uliopita wezi walivunja duka moja la nafaka hapa karibu, saa nane usiku, mvua inapiga mabati husikii hata ukiitwa. Wakabeba magunia ya ndengu, mzani, na simu ya M-Pesa iliyokuwa imefichwa ndani ya debe la njahi. Polisi wakapigiwa. Gari la kituo halikuwa na mafuta, kwa hivyo huyu afande na mwenzake wakaja kwa bodaboda, wote wawili nyuma ya dereva mmoja, bunduki magotini. Walipofika, kijana mmoja akamkata afande panga chini ya kiwiko. Hakufyatua risasi. Alimng'ang'ania yule kijana kwa mkono uliobaki mpaka majirani wakatoka. Akakimbizwa Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya hapa Kisumu, akashonwa, na bado kidonda hakijafunga vizuri alikuwa amerudi kazini.

Huku kwetu polisi akitajwa, ametajwa kwa ubaya. Sisi wenye biashara tumeona tufanye siku moja ya kumwambia asante: hema, keki, mbuzi, bango lenye picha yake, na bahasha kidogo ya dawa. Picha ziende Facebook.

Swali langu ni hili tu. Tufanyie kituoni au kwa chifu? Na bahasha apewe mbele ya watu au kando?

Jakisumo_Halisi
Tangu nizaliwe sijawahi kuona bahasha ya polisi ikikodiwa hema. 😂😂 Kando ndiyo kawaida yetu, dada. Usituharibie mila.

Japuonj_Mstaafu
Binti yangu, usiwasikilize wenye mzaha. Kushukuru ni malezi. Zamani tukifundisha kule Siaya, konstebo akipita shuleni watoto walisimama. Leo mtoto akiona buti anatafuta jiwe. Tumelea vipi? Fanyeni shughuli yenu, na mwimbe wimbo wa taifa kabla ya kukata keki.

Kondele_Damu
Jaduong', watoto hawakuzaliwa na mawe mkononi. Agosti 2017 mtoto Pendo, miezi 6, alipigwa rungu nyumbani kwao Nyalenda, akafa. Uchunguzi wa mahakama ulisema wazi ni polisi. Mpaka DPP, mkurugenzi wa mashtaka, aidhinishe kesi ilikuwa 2022. Sasa MinAkoth apeleke keki Manyatta na bango la karao limening'inia? Mkono wa huyo afande ulishonwa, ni sawa, pole zake. Kuna wa kwetu ambao hawakupata hata nafasi ya kushonwa.

MinAkoth
@Kondele_Damu niliishi hapa 2017, sikuhadithiwa. Simshukuru IG, mkuu wa polisi wote, sishukuru idara. Namshukuru mtu mmoja aliyekuja kwa bodaboda usiku wa mvua. Hata huyo haruhusiwi?

Lakini naomba mjibu swali. Kituoni au kwa chifu?

Mkaazi_wa_Gilgil
Mimi niko Nakuru, karibu na kambi ya kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo. Binamu yangu alikuwa miongoni mwa waliotumwa bonde la Suguta, Baragoi, Novemba 2012, kufuata ng'ombe walioibwa. Mnajua yaliyotokea. Maafisa zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao vijana ambao hata vumbi la mafunzo halijawatoka. Binamu alirudi kwa sanduku. Siku ya mazishi hotuba zilikuwa tamu kweli. Bendera, bunduki zikapigwa hewani, mheshimiwa akalia mbele ya kamera. Baada ya hapo mjane alizungushwa ofisi hadi ofisi na faili ya fidia, leo muhuri haupo, kesho karani yuko likizo. Mtoto wao akafukuzwa shule kwa karo huku picha ya baba yake bado iko kwa kalenda ya ukoo.

Kwa hivyo dada, mkipata pesa, lipeni kitu kinachoonekana. Keki inaisha saa kumi.

Jakisumo_Halisi
Si wana bima hawa watu? Na jopo la jaji mstaafu Maraga la kurekebisha polisi liliwapendekezea nyongeza ya mshahara ya 40% mwaka 2023. Mimi nauza mitumba Kibuye, jopo langu liko wapi?

Mkaazi_wa_Gilgil
Wewe ukiuza mitumba nani anakuja na panga?

Jakisumo_Halisi
Askari wa kaunti 😂

Mke_wa_Afande
Huwa nasoma tu siandiki, leo nitaandika. Mume wangu ni polisi, tuko magharibi huku, mji nitauacha.

MinAkoth, hilo bango lenye picha limenishtua. Tangu ule mpango wa 2018 wa kuwatoa maafisa laini, zile nyumba za polisi, wakapewa marupurupu ya nyumba, wengi wetu tunaishi kwa ploti kama nyinyi. Choo kimoja, lango moja, mlinzi ambaye hata hatumjui vizuri. Mimi sare ya mume wangu siianiki nje. Naianika ndani, juu ya kiti, pasi inamaliza unyevu. Asubuhi anatoka na fulana, sare iko kwa begi la shule la mtoto. Watoto nimewafundisha wakiulizwa baba anafanya kazi gani waseme anauza vipuri. Mwaka 2024 wakati wa maandamano, picha za maafisa zilipokuwa zinazunguka mitandaoni, nililala kwa dada yangu na watoto mpaka hali ikatulia. Na mume wangu siku hizo alikuwa zamu ya seli, hajagusa hata kopo la machozi.

Wewe umepanga kuchapisha uso wa mtu aliyemshika mwizi, uutundike mtaa ambao huyo mwizi ana ndugu. Yeye mwenyewe mmemuuliza?

MinAkoth
Tumemwambia OCS, mkuu wa kituo. OCS amefurahi sana.

Mke_wa_Afande
Sijauliza OCS.

Wakili_Mtoro
Mimi nina maswali, hema baadaye.
Hao waliokamatwa wameshtakiwa? Kesi iko wapi? Huyo afande ni shahidi? Na hilo "duka moja la hapa karibu" ni la nani? Maana mtu wa kupita hajui simu ilikuwa ndani ya debe la njahi.

Kondele_Damu
Hapo sasa.

Jakisumo_Halisi
Debe la njahi limekuangusha mama.

MinAkoth
Sijaficha kitu, niliona haihusiani. Sawa. Duka ni langu.

Na kwa sababu mtataka yote: mmoja wa wale vijana wawili ni mtoto wa kaka ya mume wangu. Huyo aliyeshika panga. Mimi ndiye niliyemtambua nikaandika statementi. Kesi inasikizwa wiki ijayo, mimi na afande ni mashahidi. Mume wangu haongei na mimi vizuri, mama mkwe ameapa hatakanyaga kwangu. Wanasema niondoe kesi, mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Shughuli yetu ni Jumamosi hii.

Lakini nisikilizeni kabla ya kunirukia. Bango limeshachapishwa. Mbuzi ameshalipiwa. Wenzangu wamechanga Sh18,000, si mimi peke yangu. MCA, diwani wetu, amesema atatoa mahema na viti. Nikirudi nyuma sasa, huko kwa shemeji watasema wamenitisha wakashinda. Mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya ndengu zangu nisimpe hata soda kwa sababu kuna kesi?

Japuonj_Mstaafu
Binti yangu, damu ya ukoo pia ni damu. Huyo kijana ana umri gani? Ameitwa na wazee?

MinAkoth
Miaka ishirini na tatu, mwalimu. Wazee walimwita Krismasi alipoiba pampu ya maji ya babu yake. Alikula kuku, akaomba msamaha, akaenda na viatu vya mjomba.

Wakili_Mtoro
Unanisikia, MinAkoth? Bahasha kwa afande aliye shahidi kwenye kesi yako, siku chache kabla ya kusikizwa, iwe hadharani au chooni, inanuka vilevile. Kuna Sheria ya Hongo ya 2016, na ile ya mgongano wa maslahi iliyotiwa saini 2025 imebana zaidi zawadi kwa watumishi wa umma. Unaweza kusema moyo wako ni safi nami nikakuamini. Wakili wa huyo kijana hataki moyo wako, anataka picha za Facebook. "Mheshimiwa, shahidi wa kwanza alimchinjia mbuzi shahidi wa pili." Amemaliza kazi. Mwizi anatoka, na afande anabaki kujieleza kwa wakubwa zake na kovu lake.

Ukitaka kumsaidia kweli, kesi ikiisha andika barua ya pongezi kwa OCS, nakala kwa kamanda wa kaunti. Saa, tarehe, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), alichofanya. Inaingia kwa faili yake. Bure kabisa.

MinAkoth
Barua zinafungiwa mandazi huko, wakili. Polisi wetu aliyetumwa Haiti anapokufa huko ndiyo nchi nzima inakumbuka polisi ni binadamu. Mimi nataka wa kwangu asikie akiwa hai.

Mpelelezi_Bondeni
Salamu kutoka Nakuru. Mimi nimesoma huu uzi mwanzo mpaka mwisho na naona mnachezwa.

Akaunti yake ni ya wiki hii. Haijawahi kuandika kitu kingine chochote. Kuna MCA mwenye mahema. Uchaguzi wa 2027 uko pale. Kuna afande asiye na jina, kituo kisicho na jina, panga, mvua, bodaboda, shemeji mbaya. Bado mbwa tu. Hii ni kampeni, mtaona bango lina uso wa nani.

Halafu hebu jibu hili. Saa nane usiku, mvua kubwa. Ulimtambua vipi kijana wa shemeji?

MinAkoth
Nilimwona kwa macho yangu. Nalala nyuma ya duka. Nilichungulia dirishani, mwezi ulikuwa unaangaza, akageuka nikaona uso wote.

Mpelelezi_Bondeni
Mwezi. Na mvua ya kufunika sauti.

Asanteni, mimi nimefunga faili.

Jakisumo_Halisi
Mwezi wenye mwavuli 😂😂😂

Kondele_Damu
Mimi nimechangia hisia zangu za 2017 kwa hadithi ya kutunga? Mungu anawaona.

Mkaazi_wa_Gilgil
Na mimi nimemfufua binamu.

MinAkoth
Nilimaanisha mulika mwizi, ile taa ya mlingoti pale sokoni! Nimeandika haraka na mtoto analia. Mulika mwizi ilikuwa inawaka, kila mtu Manyatta anajua inafika mpaka kwangu. Sina MCA ninayemfanyia kampeni. Yeye ndiye aliyejileta aliposikia kuna watu watakusanyika.

Mpelelezi_Bondeni
Umeme ulikuwepo na mvua ile? Kisumu ipi hiyo?

Wakili_Mtoro
Mpelelezi, iwe ya kutunga au ya kweli, umefanya kazi ya wakili wa utetezi na hukulipwa. Hivyo hivyo ndivyo atakavyoulizwa kizimbani. MinAkoth, statementi yako inasema mwezi au mulika mwizi?

MinAkoth
Sikumbuki maneno yote. Afande ndiye aliyeandika, mimi nikatia sahihi.

Wakili_Mtoro
Afande yupi?

MinAkoth
Huyohuyo. Alikuwa amefungwa bendeji, akaandika kwa mkono mwingine, ndiyo maana hata mwandiko hausomeki vizuri.

Kondele_Damu
Eeeh.

Mke_wa_Afande
Waacheni mchezo kidogo. Mimi naamini. Hakuna mtu wa kutunga angetunga gari bila mafuta halafu asilalamike. MinAkoth, mpigie huyo mtu simu leo. Yeye, si OCS.

MinAkoth (siku iliyofuata)
Nimempigia. Alinyamaza kwanza, nikadhani laini imekatika. Akasema picha yake itoke kwa bango, na Facebook asione kitu. Kumbe anaishi ploti ya tatu kutoka kwetu na mimi sikujua, mke wake hununua unga kwangu. Bahasha amekataa. Akasema kama nataka kumfurahisha nifike kortini siku ya kesi, saa tatu kamili, maana hii ingekuwa ya nne mwaka huu kuanguka kwa sababu mlalamishi amemalizana na jamaa zake huko nyumbani.

Basi nimeamua: pesa zibaki kwa mweka hazina, bango nitampa fundi alikate apate maturubai ya vibanda. Ila Jumamosi iko palepale. Tutasema ni ya usalama wa mtaa kwa jumla. MCA ameshatangaza kwa kipaza sauti, na mbuzi mwenyewe amekataa kurudishiwa.

Wakili_Mtoro
Afande atakuwepo?

MinAkoth
Atapita tu kama raia. Ale kidogo.

Wakili_Mtoro
Mama. Futa huu uzi.

Mpelelezi_Bondeni
Afute tu. Picha za skrini ninazo tangu ule mwezi.