LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya mama Lushoto haikai wiki, hasa miezi hii ya baridi. Tatizo ni nini?

BintiMakorora:
Habari za jioni wadau. Mimi niko Tanga mjini, mama yangu yuko Lushoto, ukipandisha kama unakwenda Magamba. Ana miaka 73, mjane, na miguu inamsumbua. Wanaoijua Lushoto kuanzia Juni hadi Agosti wananielewa. Sisi huku chini tunalalamikia upepo wa kusi, wenzetu kule wanalala na soksi na sweta.

Zamani akinunua umeme wa elfu tano alikuwa anapata uniti 40 na kidogo, anakaa nazo mpaka anasahau. Mwezi huu mwanzoni nimemnunulia wa elfu kumi, zikaingia uniti 23 na pointi. Siku chache tu ananipigia: "Mwanangu, giza." Nikanunua tena elfu kumi ileile, safari hii uniti 28. Bei gani hii inayogeuka ndani ya wiki moja? Mimi nauza madera Ngamiani, sina mshahara.

Vitu alivyonavyo: taa nne, TV, pasi, jagi la umeme. Na hita ya chumbani, ile inayowaka nyekundu, aliyopelekewa na kaka yetu wa Dar mwaka jana. Mama anaipenda kuliko anavyotupenda sisi. Kuna wapangaji wawili, mwalimu mwenye friji na kijana wa bodaboda, wote mita moja na mama. Kila mmoja anampa elfu tano ya umeme kwa mwezi. Kaka naye humnunulia LUKU akijisikia, bila kuniambia.

Tafadhali asije mtu kuniambia "mwambie azime taa".

FundiMstaafu_Tanga:
Mwanangu, taa mwache awashe. Balbu za siku hizi za wati 9 hazijamfilisi mtu.

Hesabu zako zimeshajieleza. Elfu tano kwa uniti 40 ni kundi la D1, la watumiaji wadogo: uniti shilingi 100, ukiweka VAT na makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122. Ndiyo maana watu wanasema 9,150 inatoa uniti 75. Lakini 75 ndiyo kikomo cha mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Na anayevuka mara kwa mara anahamishiwa T1, kundi la watumiaji wa kawaida, uniti shilingi 292, na makato inakuwa kama 356. Elfu kumi gawanya kwa 356, unapata 28. Mama yako yuko T1. Zile 23 ni kwa sababu manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kwanza kodi ya jengo, 1,500.

Sasa nani kamvusha? Hita za aina hiyo zipo zinazofika wati 2,000. Akiiwasha kwa muda wa saa tatu kila usiku, uniti 6 zimekwenda, zaidi ya shilingi elfu mbili kwa usiku mmoja. Elfu kumi yako haifiki siku ya tano, na hapo hujagusa friji. Friji la mwalimu likila uniti moja kwa siku, mwezi ni zaidi ya elfu kumi. Yeye anatoa tano. Mama yako anamlipia mwalimu friji.

Na jambo ambalo watoto wa mjini hamlijui: mfumo unahesabu uniti zilizonunuliwa ndani ya mwezi, hausubiri zitumike. Kama zamani mlikuwa mnanunua wewe na kaka yako kila mtu kivyake, mlimvusha 75 hata kama uniti zimelala kwenye mita.

Mswahili_Leicester:
Naongezea kidogo, nalea wazee Uingereza. Huku wazee hupewa pesa ya baridi: pauni 200, au 300 kwa nyumba yenye mwenye miaka 80 na kuendelea. Mwaka 2024 iliondolewa kwa wengi, zikapigwa kelele, 2025 ikarudi kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Na bado unamkuta bibi kakaa sebuleni na koti, anaiogopa mita.

Tulichojifunza ni kumpasha mtu joto, chumba kikiachwa. Blanketi la umeme ni kama wati 100. Awashe saa moja kabla ya kulala, azime akipanda kitandani. Hata uniti nusu hamalizi.

Pemba_Ndugu:
Sisi Zanzibar mwenye miaka 70 anapata pensheni jamii tangu 2016, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Ndugu zetu wa bara mzee wenu ni mzigo wa watoto tu.

MtaaNgamiani:
Kuhusu ile 1,500: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato husamehewa kodi ya jengo kwa nyumba anayoishi. Aanzie serikali ya mtaa apate barua. Ila hao wapangaji watamponza, kodi ya chumba nayo ni kipato.

BintiMakorora:
Shikamoo mzee fundi. Ina maana nikiondoa hita peke yake anarudi D1?

FundiMstaafu_Tanga:
Marahaba. Hapana, wapangaji wakibaki mita moja naye hatashuka. Waombee mita yao, au kwa kuanzia fungeni mita ndogo ya kuhesabia, kila mtu aone anachotumia. Matumizi yakishatulia chini ya 75 miezi kadhaa, nendeni ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, Lushoto mkaombe arudishwe. Maji achemshe mara moja asubuhi, aweke kwenye chupa ya chai, jagi lisichemke kila akitamani kikombe.

Halafu nakuonya. Ukimnyang'anya hita bila kumpa kitu kingine, ataingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Watu wanakufa hivyo, ile hewa ya mkaa haina harufu. Blanketi kwanza, hita baadaye. Na mkague soketi ya pale kitandani, hita ya wati 2,000 kwa mwaka mzima inaweza kuwa imeshaichoma.

BintiMakorora:
Nimempigia kaka. Amekubali kuwa kuanzia mwezi ujao ananitumia mimi hela, nanunua mkono mmoja. Mwalimu nitaongea naye mwenyewe, ni mtu mwelewa. Hita sithubutu. Aliyeipeleka ni kaka, Jumamosi apande basi la Lushoto akaichukue mwenyewe.

Mswahili_Leicester:
Akumbuke kutangulia na blanketi.