Haki za asili zinasimama juu ya nini kama sheria haijazitaja?

Mdadisi:
Wakuu, naomba msaada kwenye hili. Mwanafalsafa Locke, katika kitabu kilichotoka 1689, anasema binadamu ana haki ya uhai, uhuru na mali hata kabla ya serikali kuwepo. Mwenzake Bentham, alipolishambulia tamko la haki la Wafaransa la 1789, akasema haki huzaliwa na sheria, hizo za asili ni upuuzi. Kwa maneno yake, njaa si mkate: kuihitaji haki si kuwa nayo. Je, Bentham anajibika bila kuegemea dini? Maana hata Locke anategemea hoja kwamba sisi ni kazi ya Mungu.

Kipimo:
Ndugu, kwanza uliza ni haki ya aina gani. Mwaka 1913 mwanasheria Hohfeld aligawa haki mara nne: dai, uhuru, mamlaka na kinga. Nikiwa na dai, yupo mwenye wajibu kwangu. Nikiwa na kinga, hakuna awezaye kuibadili hali yangu hiyo. Anayesema haki ya asili haiondoleki anasema yote mawili: wengine wana wajibu wa kutonitesa, na hakuna bunge linaloweza kuufuta wajibu huo. Serikali inaweza kuivunja haki, kuifuta haiwezi.

Njaa si mkate, kweli. Lakini mdai hasemi mkate tayari anao, anasema yupo anayemkosea akimnyima. Na Bentham hawezi kukana kwamba kuna makosa nje ya sheria, kwani yeye mwenyewe alizikosoa sheria za nchi yake kwa kipimo cha manufaa, yaani furaha ya wengi. Kitakachombakia ni kusema huo ni wajibu tu, si haki. Hapo ndipo kazi ilipo: onyesha kwamba wajibu ukivunjwa aliyedhulumiwa ni mtu fulani, si furaha ya jamii iliyopungua kwa jumla.

HojaKwanza:
Naungana na mkuu hapo juu, ila msingi wenyewe bado haujawekwa. Mwanafalsafa Hume anakuzuia mlangoni: kutoka "binadamu ana akili" huwezi kurukia "asiteswe". Lazima pawe na sentensi ya katikati, na iandikwe wazi: kiumbe anayeweza kujiwekea malengo asitumiwe kama chombo tu. Hiyo ni ya mwanafalsafa Kant, 1785. Ukiificha, hoja itaonekana imetoka kwenye maumbile, kumbe umeipenyeza wewe.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Akili ina viwango, na mtoto mchanga hana ya kutosha. Sasa kama haki inafuata akili, kwa nini iwe sawa kwa wote? Mwanafalsafa Rawls anaweka kizingiti: ukishakivuka, ziada haihesabiwi. Wachanga unaweza kuwaingiza kwa kuhesabu uwezo watakaokuwa nao. Bado anabaki nje mwenye ulemavu mzito wa akili tangu kuzaliwa. Mwanafalsafa wa sheria Raz (1986) anaanzia kwingine: haki ipo pale maslahi ya mtu yanapotosha kumfunga mwingine kwa wajibu. Huyo sasa yumo. Gharama yake ni kwamba wanyama nao wanabisha hodi, na orodha ya haki inavimba. Kwangu gharama hiyo inalipika. Ya kumwacha binadamu nje hailipiki.

Mizani:
Kwani lazima msingi uwe mmoja? UNESCO iliwauliza wanafikra wa mila mbalimbali mwaka 1947, na mwanafalsafa Maritain akaeleza kwamba walikubaliana juu ya haki zenyewe mradi asiwepo wa kuwauliza kwa nini. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu likapita Paris tarehe 10 Desemba 1948: nchi 48 ziliunga mkono, 8 zikajizuia, hakuna iliyopinga. Ibara ya 1 inataja akili na dhamiri. Mungu na maumbile havimo, na Chang, mjumbe wa China, ni mmoja wa waliotaka iwe hivyo.

Kipimo:
Mkuu, hiyo inaeleza azimio lilivyopita, haielezi kwa nini linamfunga aliyekataa. Kati ya hizo 8 ilikuwemo Afrika Kusini, mwaka uleule chama cha ubaguzi kilipoingia madarakani. Kama nguvu ya haki ni makubaliano, waliobaguliwa kule hawakuwa na dai lolote.

Mizani:
Sijasema makubaliano ndiyo nguvu. Kila mila ina sababu zake. Makutano yanatupa orodha tu. Mimi nina wasiwasi na ibara ya 26, ya elimu. Dai la kutoteswa linamwelekea kila mtu. La kufundishwa linamwelekea nani kabla taasisi hazijaundwa? Mwanafalsafa O'Neill anasema mpaka mwenye wajibu ajulikane, hilo si dai kamili, na sijaona jibu hapa kwa Raz wala Kant.