Nywele kubwa na spreyi zimerudi: wana Tanga, tupeane uzoefu

Assalaam aleikum na habari zenu, wana Tanga. Msimu huu wa harusi umenionyesha jambo lililonifurahisha sana: nywele kubwa, zile za kutimuliwa, kupandishwa juu na kushikizwa kwa spreyi, zimerudi kwa kishindo, na mabinti wanaozivaa leo wanarithi urembo wa bibi zao. Naupenda mtindo huu kwa dhati, ndiyo maana ningependa tuujadili kwa undani, kwani hewa ya pwani yetu haiuonei huruma.

Spreyi ilianzia Marekani. Kopo la kupuliza la kubebeka mkononi lilitengenezwa huko wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili askari waulie wadudu, na vita vilipokwisha viwanda vya vipodozi vikalijaza dawa ya nywele. Kisha mwaka 1960 msusi wa eneo la Chicago, Margaret Vinci Heldt, akabuni mtindo wa kupandisha nywele juu mfano wa mzinga wa nyuki, ambao kwa nywele laini usingesimama bila kopo hilo. Ndani yake mna utomvu wa kiwandani ulioyeyushwa katika spiriti: spiriti hupaa, utomvu hubaki ukishikanisha unywele na unywele. Lakini sisi tunaishi kando ya bahari, na nywele zetu za kipilipili zikipata unyevu kidogo tu hujikunja zikarudi zilikotoka. Kwa uzoefu wangu, umbo hutangulia na spreyi hufuata. Nywele zangu hazina dawa. Huziosha asubuhi, huzisokota mafungu manene, huzifumua zikiwa zimekauka kabisa, huziinua kwa chanuo kuanzia kwenye shina, ndipo hupuliza kidogo kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Nanyi mnafanyaje hadi mtindo ufike usiku wa manane ukiwa bado umesimama?

Msusi wa Ngamiani:
Nakuunga mkono, dada. Wateja wengi huniletea picha na kuniomba nimalize nusu kopo, nami huwaeleza kwamba kazi kubwa imo kwenye rola. Nywele ikiloa hulegea, na ikikauka hushika umbo ililokaushiwa. Kwa hiyo mteja akiniharakisha nikamtoa kwenye draya wakati katikati bado mbichi, mtindo utaanguka kabla hajafika ukumbini, hata apuliziwe nini. Nywele za dawa huzigawa matabaka, kila tabaka nikalichana kinyume, kutoka nchani kuelekea kwenye shina, kisha nikalifunika kwa tabaka la juu lililolainishwa. Mafuta siku hiyo ni mwiko, kwa sababu nywele yenye mafuta huteleza na spreyi haiishiki.

Bibi wa Makorora:
Wanangu, nimesoma nikafurahi. Nilipokuwa msichana, enzi za Black Star na Lucky Star kutamba kwa taarab hapa mjini, spreyi ilikuwa ya wenye uwezo. Sisi tulisuka nywele za uzi: unachukua fungu, unalizungushia uzi mweusi kutoka kwenye shina hadi nchani ukikaza kwa kiasi, unalala nalo. Ukifumua, nywele imenyooka bila moto na bila dawa, na ukiichana kwa chanuo inasimama yenyewe. Nawakumbusha pia kwamba Operesheni Vijana ilipoanza kutekelezwa Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi na krimu za kujichubua. Wenzetu waliotegemea wigi walipata tabu. Aliyejua kusuka uzi aliendelea na ukubwa wake kichwani. Mjukuu wangu naye nimekwisha kumfundisha.

Mchangiaji wa Chumbageni:
Naomba nizungumzie chetezo, maana naona hakuna aliyeligusa. Kwenye kesha moja la nyumbani kwetu tulikuwa chumbani, madirisha yamefungwa ili moshi wa udi usitoke, binamu yangu akijifukiza nguo kwa chetezo miguuni, na mwenzake nyuma yake akimpulizia nywele. Ulimi wa moto uliruka kutoka kwenye makaa ukafuata ule mvuke juu hadi kisogoni. Mama mdogo alimfunika kwa khanga mbili ukazimika, na kilichoungua ni ncha za nywele na ukingo wa dera, alhamdulillahi. Baadaye nilisoma sababu yake. Makopo ya zamani yalisukumwa kwa gesi za CFC, ambazo haziwaki moto lakini huharibu tabaka la ozoni. Marekani ilizizuia kwenye makopo ya aina hiyo mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaziondoa duniani hatua kwa hatua. Makopo mengi ya leo yana butani na propani, yaani gesi zilezile tunazopikia jikoni, zikichanganyika na spiriti. Kwetu sasa nguo hufukizwa kwanza, chetezo hutolewa nje, madirisha hufunguliwa, ndipo kopo hushikwa. Nawasihi mfanye hivyo, hasa palipo na watoto.

Mchangiaji wa Raskazone:
Kwa sisi tunaovaa ushungi, mimi hutumia kitambaa cha satini kilicho kipana, nikakifunga chini kisogoni bila kukaza, na baibui juu yake. Nikifika kwenye ukumbi wa wanawake navua, nainua mbele kwa vidole, basi.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana, na bibi nakuamkia, shikamoo. Suala la chetezo sikulifikiria kabisa, nami nitalifikisha kwa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Je, mnaitoaje spreyi nyumbani bila kung'oa nywele?

Msusi wa Ngamiani:
Usichane kavu, kwani utomvu ukikauka chanuo hukata. Mimi hulowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka kondishena ikae kidogo, nikafumua kwa vidole kuanzia nchani, kisha shampuu na kusuuza. Huosha usiku uleule nikitoka harusini, ili alfajiri maji ya udhu yafike kwenye nywele bila kizuizi. Bibi, ukipata nafasi naomba utueleze uzi wa aina gani unafaa, kwa sababu wa nailoni ninaoupata sokoni huniponyoka mkononi.