MREJESHO: Kuchangia mchezo mpya wa kubofya na kutegua mafumbo

Wakuu, niliuliza hapa kama ni salama kuchangia kupitia Kickstarter (tovuti ya kuchangia miradi kabla haijakamilika) mchezo mpya wa kompyuta, ile aina ya kubofya vitu na kutegua mafumbo. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyeniambia niangalie historia kwanza ndiye aliyenisaidia zaidi. Mchezo wa aina hiyohiyo, Broken Age, uliomba dola 400,000 mwaka 2012, mashabiki wakatoa zaidi ya milioni 3.3, lakini sehemu ya pili ilitoka 2015. Mwingine, Thimbleweed Park wa watengenezaji michezo Ron Gilbert na Gary Winnick, ulichangiwa 2014, ukatoka 2017. Kwa hiyo nimechangia nikijua kusubiri ni kwa miaka, tena nimechagua timu ambayo tayari imewahi kumaliza mchezo.

Kadi ya benki ilikataa. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu ikakubali. Na ni kweli kama mlivyoniambia, pesa ilikatwa baada ya kampeni kufungwa ikiwa imefikia lengo, si siku niliyoahidi.

Kilichoshindikana ni kitabu cha michoro ya mchezo, kile wanachopewa wachangiaji. Gharama ya kukituma Dar ilizidi bei yake, nikaridhika na nakala ya kidijitali. Demo (sehemu fupi ya kujaribia mchezo) nimeshaipata, inafunguka vizuri kwenye laptop yangu ya zamani, na mandhari yake yamechorwa kwa upendo mkubwa.