Kikatalani cha kila siku, nianzie wapi jamani?

mamaZuu
Habari zenu wadau. Niko huku Katalonia, mji wa Terrassa, si mbali na Barcelona. Kihispania cha kuombea maji ninacho, sokoni napita, kwenye basi napita, hospitali najikongoja. Shida imeanza mtoto alipoingia shule, kila karatasi inayokuja nyumbani ni Kikatalani, mwalimu akitoka getini anaongea na wazazi Kikatalani, na dogo mwenyewe kashaanza kunirushia maneno ambayo sijui ni tusi au salamu. Nimepakua programu ya simu inanifundisha "farasi anakunywa maziwa", sasa huyo farasi nitakutana naye wapi? Nikafungua kitabu cha sarufi nikakuta majedwali ya vitenzi kurasa kwa kurasa, usingizi ukanichukua. Nataka sentensi zinazosemwa kweli, za dukani, shuleni, mtaani, na sarufi kidogo tu ya kuzishikilia. Mliopitia huku mlianzaje?

Kijogoo_Madrid
Dada usijitese. Huko wote wanajua Kihispania, kaza hicho hicho kwanza, Kikatalani ukivuka mpaka wa jimbo hakina kazi.

NahodhaLleida
Kijogoo wewe uko Madrid, huwezi kumshauri mtu wa Terrassa mwenye mtoto shule. Shule za serikali huku kwa sehemu kubwa zinafundisha kwa Kikatalani, huyo mtoto mwakani atakuwa anasoma barua za mama yake kabla ya mama. Halafu hicho unachosema hakina kazi ndo lugha rasmi ya Andorra, na Valencia na visiwa vya Baleari kama Mallorca wanakiongea pia japo kwa lafudhi yao.

mamaZuu, anza na hizo hizo karatasi za shule, ziweke mezani. Neno litakalokutoa jasho ni *cal*, na ndo rahisi kuliko yote. Maana yake inabidi, au ni lazima, na kama inabidi yetu halibadiliki kwa mimi, wewe wala yeye. "Cal portar aigua i esmorzar", inabidi kuleta maji na kitafunwa cha asubuhi. "Cal signar l'autorització", inabidi kusaini ruhusa. "No cal portar res", hakuna haja ya kuleta kitu. Ukiona "Demà no hi ha classe" ujue kesho hakuna masomo, tafuta wa kubaki na mtoto. Na hii ikariri usiku huu: "El nen té febre, avui no vindrà a l'escola", mtoto ana homa, leo hatakuja shule. Akiwa wa kike weka *la nena* mwanzoni, mengine yote yanabaki vilevile.

Kuhusu jinsia za maneno usiogope, wao wana makundi mawili tu, *el* na *la*, wingi *els* na *les*. Mtu aliyekulia na ngeli zetu atashindwa mbili? "La camisa blanca, les camises blanques", shati jeupe, mashati meupe, mchezo ni ule ule wa kila kitu kufuatana.

binti_wa_Tanga
Nahodha kamaliza shule, mi naongeza soko maana ndo darasa langu. Ukifika kwenye kibanda cha mboga huku hakuna foleni ya kuonekana, watu wamesimama kama wanasubiri daladala, lazima uulize "Qui és l'últim?", nani wa mwisho, mtu anainua mkono, basi wewe uko nyuma yake. Usipouliza utakaa hapo mpaka wafunge. Zamu yako ikifika unasema "Em posa mig quilo de tomàquets, si us plau?", niwekee nusu kilo ya nyanya tafadhali. Atakuuliza "Què més?", nini kingine, unajibu "Res més, gràcies", basi, asante, halafu "Quant és?", ni bei gani. Hizo tano tu zinakutoa sokoni na kikapu kimejaa. Ni "em posa", niwekee, sio "nataka", maana "vull" ukiirusha kavu kavu inasikika kama unaamrisha.

Sasa nikuibie siri ambayo hata Wahispania inawashinda. Kuna vipande viwili, *en* na *hi*, kwenye vitabu vinaelezwa mpaka kichwa kinauma, lakini sisi tumezaliwa navyo. Ukiulizwa "Teniu ous?", mna mayai, jibu ni "Sí, en tenim", ndiyo tunayo. Hiyo *en* ndo hiyo *-yo* yetu ya tunayo, au *-zo* kama ni nyanya, inabeba kitu kilichotajwa tayari ili usikirudie. "Quants en vols?" unataka mangapi, "En vull quatre", nataka manne. *Hi* nayo ndo *-po* na *-ko*. "La Maria hi és?" Maria yupo? "No hi és", hayupo. "Hi ha pa?" kuna mkate? "Vas al mercat?" "Sí, hi vaig", ndiyo naenda huko. Mtu aliyepitia Kihispania anaviacha maana kule havipo, wewe pitia Kiswahili utashangaa.

Na umeona wanasema *la Maria*? Majina ya watu nayo wanayapachika *la* na *el*, "la Maria", "el Jordi", mtu kama kiti tu.

fundi_sauti
Matamshi jamani, hamjagusa matamshi. Ukisoma Kikatalani kama kilivyoandikwa hapo Barcelona watakukodolea macho. *O* isiyo na mkazo inageuka *u*, na *r* ya mwisho ya kitenzi wanaimeza, kwa hiyo *comprar* inasikika "kumpra". *Vaig* inasikika karibu na "bach". *A* na *e* zisizo na mkazo zote zinakuwa sauti moja hafifu ya katikati ambayo sisi hatuna, hiyo usihangaike nayo, sikiliza tu TV3, televisheni yao ya Kikatalani, itaingia yenyewe. Zuri ni kwamba *ny* yao ni *ny* yetu ya nyumba, na *x* ya *xocolata* ni *sh*.

Vitenzi vya jana pia. Wakati uliopita wao hawaunyumbui sana wakiongea, wanachukua *vaig, vas, va, vam, vau, van* na kubandika kitenzi kizima nyuma yake. "Ahir vaig comprar pa", jana nilinunua mkate. "Ahir vam anar al metge", jana tulienda kwa daktari. Mtu wa Kihispania akisikia *vaig comprar* anadhani unaenda kununua, kumbe ushanunua na umeshakula. Ukitaka kusema unaenda kununua sasa hivi, weka *a* katikati, "vaig a comprar pa". Kwa mambo ya leo tumia *he*, "Aquest matí he treballat", asubuhi hii nimefanya kazi. Yaani jana ni *-li-*, leo ni *-me-*, siyo asilimia mia lakini itakubeba.

Halafu saa!! Mwalimu akiandika kikao ni "a dos quarts de sis" usiende saa sita wala saa kumi na mbili. Wanahesabu robo zilizokwishaingia kwenye saa inayokuja, kwa hiyo robo mbili za sita ni 5:30, kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. "Un quart de sis" ni 5:15, "tres quarts de sis" 5:45. Valencia hawana mambo hayo, wao "les cinc i mitja" kama watu wengine duniani.

NahodhaLleida
Hapo kwenye saa nimecheka, kila mgeni ana kikao alichokikosa.

Na darasa lipo mamaZuu, usijifungie na simu. Nenda Consorci per a la Normalització Lingüística, taasisi ya kufundisha Kikatalani, Terrassa wana ofisi, waulize kozi za mwanzo. Ukishapata kuongea kidogo omba Voluntariat per la Llengua, wanakupa mtu wa kupiga naye stori saa moja kwa wiki, wiki kumi, hakuna mtihani. Maana tatizo kubwa huku sio sarufi, ni kwamba Mkatalani akiona sura ya mgeni anahamia Kihispania mwenyewe kwa heshima. Mwambie "Estic aprenent català, em pots parlar en català?", najifunza Kikatalani, unaweza kuongea nami Kikatalani? Wengi wanafurahi mpaka wanaanza kukusahihisha bila kuombwa.

Ukikuta *sóc* na *soc* zote ni moja, mimi ni. Mwaka 2016 walipunguza alama za juu, vitabu vya zamani bado vina ile ya kwanza.

mamaZuu
Jamani asanteni, nimenakili yote kwenye daftari la jikoni. Hebu niangalieni: "Em dic Zuhura, soc de Tanzània, visc a Terrassa. Tinc un nen i una nena. Ahir vaig comprar pa, avui no tinc." Yaani naitwa Zuhura, mimi ni wa Tanzania, naishi Terrassa, nina mvulana na msichana, jana nilinunua mkate, leo sina.

binti_wa_Tanga
Safi sana! Moja tu: "avui no *en* tinc." Ukisema "no tinc" peke yake anabaki anasubiri, huna nini?

mamaZuu
Haya, na wakiniuliza watoto wangapi? "En tinc dos"?

binti_wa_Tanga
En tens dos, ndiyo. Kesho kamwambie mwalimu.